Nani Anacheka Wakitukanana

Siku mtawala wa Sudan alipoangushwa, mdogo wangu wa kiume alinitumia sauti kwenye simu. Nilikuwa shambani Mkunya, nafyeka chini ya mikorosho. Niliweka panga chini nikasikiliza. Kelele tupu: watu wanaimba, vigelegele, honi za magari, na katikati yake sauti yake imekauka kwa kupiga mayowe: "Dada, ameondoka! Dada, mzee ameondoka kweli!"

Alikuwa Khartoum, mwaka wake wa kwanza chuoni. Alikwenda kusomea kazi ya maabara ya hospitali, kwa nafasi iliyopatikana kupitia watu wa msikiti wa Masasi. Kabla ya siku ile alikuwa akinisimulia habari za foleni za mkate, jinsi watu walivyoanza kunung'unika kwenye foleni, kisha manung'uniko yakahamia barabarani, kisha barabara zikajaa. Nilikuwa namfuata kama mtu anayefuata tamthilia ya redio.

Nikamjibu: "Hongereni. Sasa funguo amebaki nazo nani?"

Akacheka. "Dada, nchi si ghala la korosho."

"Hata ghala lina mtu anayelifunga jioni."

"Wananchi ndio wenye funguo sasa."

"Wote? Mlango mmoja?"

Akaniambia nimuache afurahi kwanza. Nikamuacha. Lakini nilipoendelea kufyeka, swali lilikuwa bado linanisumbua. Mtu aliyekaa juu ya watu miaka yote ile lazima kuna vitu alikuwa akivishika yeye peke yake. Mkono ukiachia, vinadondokea wapi?

Mimi ni mtu wa kuuliza. Shule niliiacha kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, na nadhani maswali ambayo ningeyamaliza darasani yalibaki mdomoni. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kike ambaye sasa ameolewa Newala mjini, na huyu kitinda mimba. Baba alikuwa Mmakonde wa hapa Mkunya, ndiye aliyetuachia mikorosho. Mama alikuwa Myao wa Chiwata, kule upande wa Masasi. Na kwa Wayao mtoto ni wa mjomba. Mjomba wetu anaitwa mwenye mbumba, yaani ndiye anayewachunga dada zake na wote waliotoka matumboni mwao. Mimi niliwalisha wadogo zangu, nikawafulia, nikawabeba mgongoni kwenda zahanati. Lakini neno la kuoa, la kusafiri, la kuzikwa, lilitoka Chiwata. Sikuwa na ugomvi na hilo. Mtu mwenye kazi nyingi kama mimi hufurahi kukiwa na mwingine wa kubeba maneno.

Miaka ikaenda. Chuo kule kikawa kinafungwa na kufunguliwa, mara kwa sababu ya maandamano, mara kwa sababu ya korona, mara kwa sababu wenye silaha waliwaondoa raia waliokuwa wakitawala nao. Masomo ya mdogo wangu yakarefuka kama mvua ya mwaka mbaya. Kila aliponipigia nilikuwa na maswali, naye alizoea kunijibu huku akila.

Siku moja aliniambia nchi ile ina majeshi mawili. Nikadhani sikuelewa.

"Mawili vipi? Jeshi na polisi?"

"Hapana dada. Jeshi, na jeshi jingine. Yule mzee alililea mwenyewe, mojawapo ya kazi zake ni kumlinda asije akapinduliwa na lile la kwanza."

"Sasa yeye hayupo. Linamlinda nani?"

Nikasikia anatafuna. "Linajilinda lenyewe, nadhani."

"Wanakula jiko moja?"

"Sijui, dada."

"Mshahara wanapokea dirisha moja?"

"Dada, mimi nasomea damu na mikojo!"

Tulicheka sana siku hiyo. Lakini alianza kuulizauliza, najua, maana baadaye alikuwa akinipigia na jibu kabla sijamkumbusha swali. Kila jeshi lilikuwa na wakubwa wake, magari yake, biashara zake. Watu walikuwa wanajadiliana namna ya kuyafanya jeshi moja, na hapo ndipo ubishi ulipokuwa: ni kwa muda gani, na nani atampigia nani saluti. Nilipokuwa nikiwaambia jirani zangu hapa, waliniuliza hayo yananihusu nini. Niliwaambia nina mtoto ndani ya nyumba hiyo. Kweli, lakini haikuwa kweli yote. Nilitaka tu kujua. Sijawahi kuishi katika nchi iliyoangusha mtu. Nilikuwa nadhani hatari ni kabla, mzee akiwa bado yupo. Sikujua kwamba kuna hatari nyingine, ya baadaye, watu wakishamaliza kushangilia.

Mwaka ambao ilibidi amalize, alikuwa amebakiza mitihani ya mwisho tu, ambayo ilipangwa baada ya Idi. Miezi kadhaa kabla ya Ramadhani, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, bibi yetu mzaa mama alifariki Chiwata. Arobaini yake ilipofika tukaenda wote. Na kwa sababu ukoo umekutana, mjomba akasema baada ya hitma tutazungumza habari ya kijana wa Sudan, maana hata redioni walikuwa wameanza kusema hali si nzuri. Wakubwa wa yale majeshi mawili walikuwa wanarushiana maneno hadharani.

Sasa lazima nimtaje mtani wetu. Ni mwanamke wa Kingoni, mzee, aliletwa Chiwata na mumewe zamani sana kutoka upande wa Songea, akazalia pale, akazeekea pale. Wangoni na Wayao ni watani. Hapo kale Wangoni walikuja huku na mikuki, wakachoma, wakateka watu. Leo wanakuja misibani kututukana, na tusipotukanwa tunaona msiba haujakamilika. Siku ya arobaini alifika pilau ikiwa inaiva, akajitupa chini mbele ya sufuria kubwa, miguu kaikunja, akasema pilau haipakuliwi.

"Bibi, ondoka, watu wana njaa."

"Njaa yenu mimi inanihusu nini? Marehemu huyu alinikimbia. Nyie wote mmezoea kukimbia. Babu zenu walipotuona walipanda majabali ya Masasi kama pimbi, wake zao wamewaacha chini wanapika!"

"Na babu zenu," akajibu binamu yangu, "walitoka huko kwao kwa njaa, walipofika wakajiita majeshi!"

"Jeshi la njaa likawashinda mlioshiba. Nipe paja la kuku."

Watu walikufa kwa kicheko. Mama mdogo, aliyekuwa amelia tangu asubuhi, alicheka mpaka ukaya ukamwanguka. Mtani akapewa paja lake, akainuka, na ndiye aliyepakua pilau na kuwagawia watu mpaka wa mwisho.

Tulipokaa kuzungumza, mjomba alitumia mfano huo huo. Ni mtu mfupi, mpole, lakini akishasema amesema. "Mmemsikia mtani wetu? Tangu babu zangu wanatukanana na babu zake. Nani amekufa? Ninachokijua mimi ni kwamba wanaotukanana wanatoa moyoni. Wa kuogopwa ni aliyenyamaza. Hao wakubwa wa Sudan waacheni warushiane maneno. Kijana amalize mtihani, aje na cheti chake."

Wazee wakaitikia. Mdogo wangu wa kike akanishika mkono kwa furaha. Na mimi nilifurahi, siwezi kusema uongo. Kila mtu pale alikuwa anamtaka aje na cheti. Mimi nilimtaka kuliko wote. Kilikuwa ndicho cheti cha kwanza cha chuo ambacho kingeingia nyumbani kwetu, ambako madaftari yangu yaliishia kidato cha pili.

Jioni nilikuwa nasugua masufuria pamoja na mtani. Nikamuuliza, maana mdomo wangu haukai: "Bibi, hivi huogopi? Ipo siku mtu atakupiga kwa haya maneno."

"Anipige nani? Nyie?" Akacheka, kisha akaona namuuliza kweli. "Nikitukana natazama midomo ya watu. Kuna siku nilimwambia mtu neno, hawakucheka. Nikanyamaza palepale, nikamshika miguu. Utani si kutukana tu, mjinga wewe. Nikifa nani anaosha masufuria yangu?"

"Sisi."

"Basi sugua huko chini, bado kuna ukoko."

Akahamia maneno mengine, habari za goti lake. Lakini mimi nilibaki na lile moja. Njia nzima ya kurudi Mkunya, nyuma ya bodaboda, nilikuwa naligeuza. Mjomba alikuwa ameona matusi. Hakuona kicheko. Au alikiona, akakisahau kwa sababu kwetu kicheko kipo tu, kama chumvi kwenye mboga, hukumbuki mpaka siku ikikosekana.

Nikampigia mdogo wangu. "Hao wakubwa wakitukanana, nani anacheka?"

"Nini?"

"Watu wa kule. Wakisikia, wanacheka?"

"Dada, nina kitabu mbele yangu kizito kama tofali."

"Na mmoja wao akifiwa, mwenzake huenda kumzika mtu wake?"

Akakata simu. Hakuwa amewahi kunikatia simu kabla ya siku ile.

Zilipita siku kadhaa, kisha sauti ikaingia, ndefu. Alisema karibu na chuo chao kuna mama anauza chai, ana vigoda vifupi amevizungusha kando ya barabara, na yeye hunywa pale kila jioni. Zamani askari wa majeshi yote mawili walikuwa wanakaa kwenye vigoda vile vile, wanaombana sukari, wanataniana habari za timu za mpira. Alimuuliza yule mama swali langu. Mama akamwambia hivi: siku hizi wa huku wakija, wa kule wanapita bila kukaa. Wakikutana, wanamaliza chai haraka na glasi zinabaki nusu. Naye mwenyewe hupika chai huku akitazama vidole vyao kwenye bunduki. "Kwa hiyo jibu, dada," alimalizia, "hakuna anayecheka."

Nilimwambia arudi nyumbani. Akasema mjomba ameshatoa neno. Nikamwambia neno la mjomba lilikuwa sahihi kwa Chiwata. Akanijibu taratibu, na upole wake ndio ulioniuma: "Dada, wewe uliacha shule. Usitake na mimi niache."

Nilikwenda kuchota maji tangini, nikajaza ndoo iliyokuwa imejaa tayari, yakamwagika miguuni.

Kesho yake nikaenda Chiwata. Nilimsikilizisha mjomba sauti ile yote. Alisikiliza kichwa kimeinama, akaniomba nirudie pale pa chai. Kisha akasema: "Nimekuelewa. Lakini neno nimelitoa mbele ya watu wa arobaini. Mwenye mbumba akianza kula maneno yake, kesho nani atamsikiliza?"

"Mjomba, na akifa?"

"Usimtabirie mtoto."

Hapo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona miaka yote. Mjomba alikuwa ameshakubali. Ilikuwa machoni mwake. Kilichomzuia ni kwamba hakuwa na njia ya kushuka kutoka pale alipokuwa amepanda, na mimi, mtoto wa dada yake, sikuruhusiwa kumwekea ngazi. Ningesema neno moja zaidi, ungekuwa utovu wa adabu, naye angelazimika kukaza. Nilijiuliza kama kule Sudan nako kuna watu wawili wamekaa hivyo hivyo, kila mmoja juu ya neno lake, na chini hakuna wa kuwashusha. Huko nina hakika kulikuwa na makubwa mengine kuliko hayo, dhahabu na mamlaka na damu za zamani. Lakini swali nililiuliza.

Nilijua nani anaruhusiwa. Nilikwenda kwa mtani nikamweleza kila kitu. Aliuliza jambo moja tu, kama mjomba ana kuku. Kisha akavaa kanga zake, tukaongozana.

Mjomba alikuwa barazani na wazee wawili waliokuja kumsalimia. Mtani hakubisha hodi.

"Shikamoo mkuu wa pimbi!"

"Marahaba, mwizi wa mahindi. Nani amekualika?"

"Nimesikia kuna Myao anaogopa. Nikasema niende nikamwone, ingawa hilo si jipya. Nimesikia amemuacha mtoto wa dada yake kwa watu wasiocheka, kwa kuwa anaogopa kula maneno yake mwenyewe. Maneno gani hayo yasiyolika? Leteni sahani! Leteni chumvi na pilipili, mzee ayale hapa hapa, mimi nitamshikia maji!"

Wazee wale walianza kwa kuziba midomo, wakashindwa. Mimi nilikuwa nimesimama kando, natazama mdomo wa mjomba kama alivyonifundisha yule mtani. Ulikaza. Ukatetemeka upande mmoja. Kisha akacheka, kicheko cha kukohoa, akapangusa macho kwa kanzu.

"Huyu mwanamke ataniua. Haya, nimekula. Mwambieni kijana arudi. Hapana, nipe simu, nitamwambia mwenyewe. Na huyu asipewe kuku."

Alipewa kuku.

Kwa mjomba, mdogo wangu hakuwa na la kubishia. Tukapata nauli, akarudi siku chache kabla ya mwezi kuandama, na begi moja na vitabu vyake vizito. Alinisalimia "shikamoo" kama mgeni. Ramadhani ikaanza. Alikuwa anafuturu amenipa mgongo, anakula muhogo wake kimya, anakwenda msikitini, anarudi analala. Wenzake kule walikuwa wanamtumia picha wamekaa na vitabu, wanajiandaa. Jirani mmoja alinisimamisha kisimani: "Nasikia umemtoa mtoto chuoni kwa sababu ya ndoto." Nikamjibu haikuwa ndoto, ilikuwa chai. Hakunielewa na sikumweleza.

Jambo la ajabu ni lile nililokuwa naliomba wakati huo. Nilikuwa naomba niwe nimekosea. Kila siku iliyopita salama kule ilikuwa inanifanya mjinga zaidi hapa, na kila siku nilisema alhamdulillah. Kama ningebaki mjinga mpaka Idi, mtoto wangu angenichukia, na yule mama wa chai angeendelea kuosha glasi zake. Nilikuwa tayari.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani, Jumamosi moja asubuhi, nilikuwa natwanga kisamvu. Alikuja jikoni, simu mkononi. Akaiweka chini kando ya kinu, karibu na mimi. Nilisikia milio. Nilidhani ni mabati yanapigwa na mvua, nikatazama juu. Alikuwa mwenzake wa chumbani kule Khartoum, anarekodi risasi za yale majeshi mawili akiwa chini ya kitanda.

Siku zilizofuata hakutoka kwenye ile simu. Mtandao wa kule ukikatika alikuwa anazunguka uani. Ukirudi anasoma majina kwa sauti, nani amevuka, nani yuko njiani, nani hajibu. Watanzania wenzake wengi walitolewa baadaye, wakarudi salama. Mwenzake wa chumbani, ambaye ni wa kule kule, alifika Misri baada ya safari ndefu. Habari za mama wa chai hatukuzipata. Mdogo wangu ameuliza kila aliyemfahamu. Hakuna aliyewahi kujua nyumbani kwake ni wapi. Wote walimjua kwa vigoda.

Hakuniomba radhi, na sikuwa naingoja. Cheti hakuna. Vyuo vya hapa vilimwambia aanze tena karibu na mwanzo, maana karatasi zake zimebaki katika ofisi ambayo hakuna anayejua kama bado ina mlango. Sasa anasoma Masasi, mwaka wa kwanza, mkubwa kuliko wote darasani, na mwisho wa juma anapanda Mkunya kunisaidia palizi.

Juzi tulikuwa shambani, ameinama na jembe, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Dada, kwani sisi na Wangoni tuliachaje?"

"Tuliacha nini?"

"Vita. Kuna siku walikuwa wanachoma nyumba. Kuna siku wakawa wanakaa mbele ya sufuria. Katikati hapo palikuwa na nini?"

Nilisimama. Miaka yote naulizia Khartoum, hilo sikuwahi kuliuliza, na liko Chiwata. Jumapili tukaenda wote wawili kwa mtani. Goti lilikuwa limemlaza kitandani. Alitutukana kidogo, kwa heshima ya nyumba, kisha tukamuuliza.

"Mimi nilikuta watu wameshaanza kucheka," alisema. "Mama yangu naye alikuta."

"Lakini yupo aliyetangulia," mdogo wangu akasema. "Mtu wa kwanza kumtania adui wake. Alijuaje kama hatauawa?"

"Hakujua, mjukuu wangu. Atajuaje?"

Mdogo wangu akavuta kigoda, akakaa karibu na kitanda, akamuuliza kama kwao Songea kuna mzee yeyote aliye hai anayeweza kuwa amesikia. Mtani akaanza kuhesabu wazee kwa vidole, huyu amekufa, huyu ni kiziwi, huyu mwongo lakini anajua mengi. Mdogo wangu akasema huyo mwongo anafaa, yuko kijiji gani? Mimi nikaenda nyuma kumwinjikia maji ya kukanda goti, na huku nyuma nikawa nawasikia wanabishana kuhusu njia ya kufika huko.